Acha Injini ya Zamani Ichague Ndege Yake

Mtu akipata injini ndogo ya ndege ya mfano ya miaka ya 1950, kwa kurithi au kwa kununua sanduku la vikorokoro mnadani, jambo la kwanza analofanya ni kutafuta ramani ya ndege inayompendeza. Anaijenga wiki kadhaa, anaipaka rangi, anafunga injini puani, anakwenda uwanjani. Injini inawaka, ndege inaacha ardhi, kisha kabla duara la pili halijaisha nyuzi zinalegea na ndege inaanguka. Lawama zote inabebeshwa injini: imechoka, ni ya kizamani, haina nguvu. Nasema karibu kila mara injini hiyo inaonewa. Kazi ilianzwa kinyume. Kwa injini za zamani, injini hutangulia: ipimwe mezani, ijulikane inatoa nini, na ndege ijengwe baadaye kwa kipimo hicho.

Nazungumzia ndege za kamba. Rubani anasimama katikati ya uwanja ameshika mpini, na kutoka kwenye mpini nyuzi mbili zinakwenda mpaka ncha ya bawa la kushoto. Ndani ya ndege nyuzi hizo zimefungwa kwenye kipande cha pembetatu kinachocheza juu ya ekseli yake. Rubani akiinamisha mpini, kipande kinasukuma fimbo, na fimbo inainua au kushusha kibawa cha mkiani. Hakuna redio wala betri ndani ya ndege. Mmarekani Jim Walker wa Portland, Oregon, ndiye aliyeufikisha mtindo huu kwa watu wengi. Hataza yake ilitolewa mwaka 1942, na ndege yake iitwayo Fireball ikausambaza. Mwaka 1947 Ray Arden akaleta plagi ya kuwaka yenyewe, ile yenye kijiwaya cha platini kinachobaki chekundu kwa joto la injini. Koili, kondensa na betri za kutengeneza cheche zikatoka kwenye ndege, na mara moja ikawezekana kutengeneza injini za kutosha kiganjani.

Kati ya hizo, inayopatikana kwa urahisi zaidi mpaka leo ni Babe Bee ya kampuni ya Leroy Cox, Santa Ana, California. Ujazo wake ni cc 0.8, uzito wake pamoja na tangi haufiki gramu 50, na injini za Cox za ukubwa huo zilitoka kiwandani kwa mamilioni. Uingereza walishika njia nyingine: injini za dizeli zisizo na plagi kabisa, kama Mills za mjini Woking na zile za Davies-Charlton za Isle of Man. Nitaichukua Babe Bee kama mfano mkuu na kuiweka Mills ya cc 0.75 pembeni yake, kwa sababu mbili hizi zina ujazo unaokaribiana lakini zinataka ndege tofauti kabisa.

Kwanza, afya ya injini

Injini iliyokaa kabatini miaka arobaini mara nyingi imekwama. Chanzo si kutu, ni mafuta ya nyonyo yaliyokauka yakawa kama gundi. Usiizungushe kwa koleo. Iloweke kwenye methanoli usiku kucha, au ipashe joto taratibu kwa mashine ya kukaushia nywele, halafu ijaribu kwa vidole. Ikianza kucheza, tia matone ya mafuta mepesi na uendelee kuizungusha mpaka iwe laini. Msasa na steli wulu visiingie ndani ya silinda kamwe. Pistoni na silinda za injini hizi hazina ringi, zimesagwa zikalingana, na mkwaruzo mmoja unatosha kuziharibu.

Kisha sikiliza mgandamizo. Tia tone moja la mafuta, funga pangaboi, lizungushe polepole. Linapofika juu linapaswa kukataa, kisha liruke likipita. Likipita bila kukataa, tafuta hewa inakotokea: mara nyingi ni kichwa cha plagi kilicholegea au gasketi yake ya shaba. Kwenye Cox kuna sehemu moja zaidi ya kuangalia, nayo ni kiungo cha duara kinachounganisha pistoni na fimbo yake. Kikiwa na mchezo unaosikika ukisukuma pistoni juu na chini, kinahitaji kukazwa upya kwa kifaa chake maalumu. Injini itawaka hata kikiwa kimelegea, lakini itakunyima mizunguko elfu moja au mbili bila wewe kujua imekwenda wapi.

Babe Bee huvuta hewa na mafuta kupitia kijani chembamba, yaani jani dogo la vali, kilicho nyuma ya krenkshafti, kinachofunguka na kujifunga kwa mvuto wa pistoni. Uchafu mdogo kama unyoya ukikaa chini ya kijani hicho, injini haitawaka hata ukiibembeleza. Mtambo wa aina hii pia hauna upande: unaweza kuwaka ukizunguka kinyume. Ukisikia injini inanguruma lakini upepo unakujia usoni badala ya kwenda nyuma, izime uanze tena.

Plagi ya Cox inataka volti 1.5 tu. Volti zaidi ya hapo zinaunguza kijiwaya, na kichwa kizima kimekwisha.

Mezani: injini inatoa nini?

Funga injini kwenye ubao imara, si kuishika mkononi, na vaa miwani. Pangaboi la kuanzia kwa Babe Bee ni la inchi 6 kwa 3. Namba ya kwanza ni upana wa duara lake, ya pili ni hatua, yaani umbali ambao lingesonga mbele katika mzunguko mmoja kama lingekuwa parafujo ndani ya mbao. Mapangaboi ya Mills ni makubwa zaidi, 8 kwa 4 hivi.

Sasa pima mizunguko. Kipimo maalumu kikikosekana, tumia simu. Programu yoyote ya kulinganishia nyuzi za gitaa inaonyesha sauti kwa hezi. Injini hizi zinalipuka mara moja kila mzunguko, kwa hiyo zidisha hezi kwa 60: ukisoma 217, injini inazunguka mara 13,000 kwa dakika. Tahadhari moja: pangaboi la makali mawili nalo linatoa sauti yake, maradufu ya ile ya injini, na programu inaweza kuishika hiyo. Ukipata jibu la mizunguko 26,000 kwa Babe Bee, gawa kwa mbili.

Hapo ndipo hesabu yenyewe inapoanza, na ni fupi. Hatua ya inchi 3 ni sentimita 7.6. Kwa mizunguko 13,000, pangaboi lingesonga mita 990 kwa dakika, sawa na mita 16.5 kwa sekunde. Halifiki huko kwa sababu hewa inateleza, hivyo punguza sehemu moja ya kumi: tunabaki na karibu mita 15. Hiyo ndiyo kasi ambayo Babe Bee yako itaipa ndege ikiwa ndege haitaigomea. Fanya hivyo hivyo kwa Mills inayozunguka mara 9,000 na hatua ya inchi 4: mita 15.2, na ukipunguza, 13.7. Kasi zinakaribiana, lakini ile dizeli inasukuma hewa nyingi zaidi kwa pangaboi pana, polepole. Inaweza kubeba bawa kubwa na kiwiliwili kinene bila kulalamika. Babe Bee ina pangaboi dogo na mwendo wa haraka. Ukiiweka mbele ya pua pana ya ndege ya kivita ya mfano, nusu ya upepo wake unagonga pua hiyo na kupotea.

Ndiyo maana sishauri kubadilisha pangaboi kiholela kutafuta nguvu. Wengi huweka 6 kwa 4 kwenye Babe Bee wakidhani hatua kubwa ni kasi kubwa. Injini ndogo inaelemewa, mizunguko inashuka, joto linapanda, na kasi halisi haiongezeki. Ikiwa ndege ni nyepesi na nyembamba na unataka mwendo, 5 kwa 3 inairuhusu injini kupumua. Ikiwa ndege ina bawa pana, baki na 6 kwa 3. Chaguo la maana linaishia hapo.

Nyuzi ndizo zinazoamua

Sehemu hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo iliyoangusha ndege nyingi zaidi. Ndege ya kamba haiongozwi na mkono wa rubani peke yake. Inaongozwa na mvutano wa nyuzi. Nyuzi zikilegea, mpini unageuka kuwa kipande cha mbao tu. Na mvutano unatokana na kasi.

Tuchukue ndege ya gramu 160 inayokwenda mita 15 kwa sekunde kwenye nyuzi za mita 9. Inavuta mkono kwa nguvu ya gramu 400 hivi, mara mbili na nusu ya uzito wake. Ukiipandisha mpaka juu ya kichwa, uzito wake wote unageuka kuirudisha kwako, kwa hiyo toa 160. Zinabaki gramu 240, bado mpini unasikika vizuri. Sasa ishushe kasi mpaka mita 10. Mvutano wa chini unakuwa gramu 180 tu, na juu ya kichwa zinabaki gramu 20. Hapo ndege inaelea bila bwana. Tazama tofauti: kasi imepungua theluthi moja, lakini mvutano wa juu umekaribia kwisha kabisa.

Kuna njia rahisi ya kulijua hili uwanjani bila kikokotoo. Kwenye nyuzi za mita 9, piga saa mizunguko kumi ya ndege kisha gawa kwa kumi. Sekunde 4 kwa mzunguko ni ndege yenye uhai. Unaweza kuipandisha na hata kuipindua. Sekunde 5 ni ndege ya kuruka sambamba na kupanda na kushuka kwa upole. Sekunde 6 ni mpaka: mvutano ni sawasawa na uzito wa ndege, na ukiipeleka juu ya kichwa haubaki hata kidogo. Usiipeleke.

Mtu anayeona ndege yake inazunguka haraka mno mpaka kizunguzungu kinamshika huamua kurefusha nyuzi. Ni sawa kwa injini yenye ziada. Kwa injini kongwe, kumbuka kwamba nyuzi zenyewe zinakokota hewa. Nyuzi mbili za mita 9 zenye unene wa theluthi ya milimita zinakaribia kukokota sawa na ndege ndogo nzima. Zirefushe ziwe mita 12, mkokoto unaongezeka, kasi inashuka, na duara kubwa linapunguza mvutano kwa upande wake. Unalipa mara mbili. Kwa Babe Bee ya kawaida nakaa kati ya mita 8 na 10. Injini kali zaidi za kampuni hiyo hiyo, kama Tee Dee, zinavumilia mita 11 au 12.

Unene una uzito uleule katika hesabu hii. Nyuzi za dakroni zilizokuja na vifaa vya zamani ni nene na zinashika hewa. Waya wa chuma wa kusokotwa wa milimita 0.2 ni mzuri, ila unajipinda ukiutazama vibaya. Ninayoipenda mimi ni kamba ya kuvulia samaki ya kusuka, ile isiyonyumbuka, ya nguvu ya kilo 9 mpaka 13. Ni nyembamba, inateleza hata nyuzi zikisokotana, na inapatikana kwenye duka lolote la zana za uvuvi. Usichanganye na nailoni ya uzi mmoja. Nailoni inanyumbuka kama mpira. Rubani anainamisha mpini na ndege haipati habari mpaka muda upite.

Ndege yenyewe, gramu kwa gramu

Sasa ndipo tunafungua ramani. Kwa Babe Bee na rubani anayejifunza, bawa la sentimita 55 kwa 15 linatosha, eneo la sentimita za mraba 825. Ubao mmoja wa balsa wa milimita 5, uliopigwa msasa mbele ukawa wa mviringo na nyuma ukawa mwembamba, hauhitaji kujengwa kwa mbavu. Mkia uwe robo ya eneo la bawa au pungufu kidogo.

Bajeti ya uzito ninayoitumia ni hii: bawa gramu 50, injini na tangi 43 hivi, kiwiliwili 20, mkia 8, vyuma na magurudumu 10, uzito wa ncha ya bawa la nje 7, gundi na rangi 10. Jumla ni chini kidogo ya 150. Kila kipande kinapokamilika kinapandishwa kwenye mizani ya jikoni, na kikizidi, kinapunguzwa au kinatengenezwa upya. Balsa ununuapo ipime pia, kwa maana mbao mbili za ukubwa uleule dukani zinaweza kupishana uzito maradufu. Rangi ndiyo mwizi mkubwa. Tabaka nne za kung'aa zinaweza kumeza nusu ya faida yote uliyoipata kwa kuchagua mbao. Paka tabaka nyembamba zinazohimili methanoli, basi.

Kampuni ya Cox yenyewe iliuza ndege za plastiki zilizokwisha kuunganishwa, maarufu ikiwa PT-19 ya kujifunzia, ambayo mabawa yake yalishikwa kwa mpira ili ndege ikianguka iachane vipande badala ya kuvunjika. Zilifundisha watoto wengi kuruka, na naziheshimu kwa hilo. Lakini plastiki ni nzito, na walioishia hapo walibaki wakiamini Babe Bee haiwezi zaidi ya kuzunguka sambamba. Injini ileile kwenye ndege ya balsa ya gramu 150 inapanda na kupinduka. Kilichobadilika ni mzigo.

Mills ya cc 0.75 inataka mpango mwingine. Inatikisa zaidi, kwa hiyo inafungwa juu ya mihimili miwili ya mbao ngumu iliyoingia ndani ya kiwiliwili, si kwenye plaiwudi nyembamba puani. Pangaboi lake la inchi 8 linahitaji miguu mirefu ya magurudumu, la sivyo linakata nyasi. Ipe bawa la sentimita za mraba 1,100 au 1,200 na uzito wa gramu 200 na kitu, na usihangaike kuifanya ndege iwe nyembamba. Dizeli hizi zinapendeza kwenye ndege za mtindo wa zamani zenye mabawa manene, zikienda kwa mwendo wa kutazamika.

Mfano mkubwa wa ndoa iliyofaulu ni Fox .35, injini ya cc 5.7, na ndege ya Ringmaster ya kampuni ya Sterling, yenye bawa la sentimita 107. Pangaboi la 10 kwa 6, nyuzi za mita 18, mzunguko wa sekunde 5 hivi. Watu wamezirusha pamoja tangu miaka ya 1950 na bado wanazirusha. Fox .35 haikuwa injini yenye nguvu kuliko zote za ujazo wake, lakini ilikutana na bawa lililojua kuitumia.

Marekebisho madogo yenye kazi kubwa

Ndege ya injini dhaifu inasaidiwa kutazama nje ya duara. Ukitazama kutoka juu, ndege inazunguka kinyume cha saa na bawa la kushoto liko ndani. Elekeza injini digrii 2 au 3 kulia, geuza usukani wa wima kidogo kulia, na tia ule uzito wa gramu 7 kwenye ncha ya bawa la kulia ili kusawazisha uzito wa nyuzi. Usizidishe, kila digrii unayoigeuza nje inakula kasi, na kasi ndiyo iliyotupa mvutano tangu mwanzo.

Kitovu cha uzito kiangukie karibu na pua: asilimia 15 mpaka 20 ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ndege yenye mkia mzito haifundishiki. Kibawa cha mkiani kicheze kidogo tu, digrii 15 juu na 15 chini, mpaka mkono uzoee.

Kuna jambo la tangi ambalo vitabu vingi vinalipita haraka. Ndege ikizunguka, mafuta yanatupwa upande wa nje. Ndani ya tangi la Babe Bee kuna kimrija kinachonyonya mafuta, na kiwandani hakikuwekwa kwa ajili ya ndege yako. Fungua tangi, kielekeze upande wa kulia, mahali pa namba 3 ya uso wa saa ukiitazama ndege kutoka nyuma. Bila hivyo injini itazima tangi likiwa na mafuta nusu, nawe utailaumu sindano.

Sindano yenyewe usiikaze mpaka injini ipige kelele ya juu kabisa ikiwa chini. Angani pangaboi linapata nafuu, mizunguko inapanda, na injini inadai mafuta zaidi. Ikaze mpaka sauti ibadilike kutoka nzito kwenda nyembamba, kisha ilegeze robo mzunguko.

Mafuta, na mwinuko wa mahali

Cox inakunywa methanoli, mafuta ya nyonyo na nitromethani. Mafuta ya kulainisha yasishuke chini ya asilimia 20, na angalau nusu yake iwe nyonyo halisi. Vimiminika vya kisasa vyenye mafuta asilimia 12 au 15 vinaua kile kiungo cha pistoni. Nitromethani ya asilimia 10 mpaka 25 inatosha kwa Babe Bee.

Dizeli inatumia vitu vya jirani zaidi: etha, mafuta ya taa na mafuta ya nyonyo, kila kimoja theluthi, na kwa injini iliyolegea kidogo unaweza kuongeza nyonyo. Nyonyo safi inayouzwa duka la dawa, isiyo na manukato, inafaa. Etha ni kitu cha kuheshimu sana. Mvuke wake unatambaa chini na kushika moto kutoka mbali, kwa hiyo changanya nje, mbali na jiko na sigara, na uiweke kwenye chupa ya kioo au bati lenye kifuniko kinachobana. Methanoli nayo ni sumu, hata kwa kupenya ngozi, mtoto asiiguse.

Wakati wa kuwasha dizeli, ukiona pangaboi limegoma kabisa, usililazimishe. Silinda imejaa mafuta, na mafuta hayagandamiziki. Utakunja fimbo ya pistoni. Legeza skrubu ya juu ya mgandamizo, geuza injini chali, yatoke, anza upya.

Msomaji aliye Dar es Salaam au Mombasa anarusha kwenye hewa nzito ya pwani. Aliye Nairobi, juu ya mita 1,600, ana hewa pungufu kwa asilimia 15 au zaidi. Kipimo cha mezani kinaweza kumdanganya, kwa sababu hewa nyepesi inaipunguzia injini nguvu na wakati huohuo inalipunguzia pangaboi mzigo, hivyo mizunguko inabaki karibu ileile. Kinachopungua ni msukumo, pamoja na uwezo wa bawa kubeba. Dawa si kubadilisha injini: ongeza bawa kidogo, punguza gramu 15 au 20 za ndege, fupisha nyuzi kwa nusu mita. Sindano itataka kukazwa kidogo, na dizeli itataka mgandamizo zaidi.

Siku ya kurusha

Kabla ya kuwasha, msaidizi ashike ndege, nawe uvute mpini kwa nguvu ya mara kumi ya uzito wa ndege. Kwa ndege yetu ni kilo moja na nusu. Kitu kikitoka, kimetoka salama. Funga mpini kwenye kifundo cha mkono kwa kitanzi. Angalia kwamba ukielekeza mpini juu, kibawa kinapanda. Zimeshavunjika ndege nzuri kwa nyuzi zilizofungwa kinyume. Uwanja uwe mbali kabisa na nyaya za umeme. Waya wa chuma ukigusa nyaya hizo, anayekufa ni rubani.

Msaidizi aiachie ndege upande ambao upepo unavuma kutoka kwako, ili upepo uisukume nje inapoondoka. Nyuzi zikilegea angani, rudi nyuma hatua mbili tatu upesi ukinyoosha mkono. Mara nyingi mvutano unarudi. Mkono uwe umenyooka muda wote, ndege iongozwe kwa bega, si kwa kiwiko. Piga saa mizunguko yako mapema. Ikiwa ni sekunde 4, umeoanisha vizuri. Ikiwa ni zaidi ya 5, anza kwa kufupisha nyuzi, halafu badilisha unene wake, halafu tafuta gramu za kupunguza. Injini iwe ya mwisho kuguswa.

Ukimaliza, acha injini imalize mafuta yote yaliyomo tangini, kwa sababu methanoli inavuta unyevu na unyevu unakula chuma. Tia matone mawili ya mafuta mepesi kupitia tundu la moshi, zungusha pangaboi mara kadhaa, futa nyonyo iliyotapakaa bawani, kisha ifunge injini kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Babe Bee inayotunzwa hivyo itawaka msimu ujao bila kulowekwa tena.